SAFARI YA LIKIZO KUTOKA DODOMA HADI VISIWANI: NAULI SI GHARAMA YOTE

TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, ni wananchi wachache wa Unguja na Pemba waliodhani kuwa uamuzi ule ungewagusa majumbani mwao. Miaka ikapita, mji ukajengwa polepole, na watumishi wengi wa Serikali ya Muungano wakaendelea kukaa Dar es Salaam, hatua chache kutoka gatini. Tangu Julai 2016, ilipotamkwa kwamba Serikali itahama yote, na hasa baada ya sheria ya makao makuu ya mwaka 2018, mambo yamegeuka. Mtoto wa Wete, wa Makunduchi au wa Mkokotoni leo huweza kujikuta karani katika wizara iliyoko Mtumba, au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Anaishi katika nchi ya mibuyu na mizabibu, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, penye msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili.

Kwa ndugu hawa, likizo ni safari ya nchi kavu na ya majini kwa pamoja. Wala likizo si anasa ya mabwanyenye. Ni haki ya mfanyakazi: siku 28 kwa mwaka, na kwa mtumishi wa umma nauli yake na ya familia yake hulipwa mara moja kila baada ya miaka miwili. Lakini haki isiyopangwa hugeuka mzigo. Wako wanaorudi kazini na madeni kuliko walivyoondoka. Wako wanaopoteza robo ya likizo wakingoja chombo. Na wako, Mungu atuepushe, ambao kwa kutaka kuokoa shilingi chache au siku moja, huingia katika chombo ambacho hawakupaswa kukanyaga.

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, akiuwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo, alitukumbusha kwamba kupanga ni kuchagua. Maneno yale yalihusu taifa zima, lakini yanaihusu pia kaya ya watu watano wanaojiandaa kwenda kuwaona wazee wao. Makala hii inataka kuonyesha machaguo hayo ni yapi, na kila moja lina gharama gani.

Bei iliyoandikwa na bei ya kweli

Mara kwa mara wakazi wa Mjini Unguja huziona meli kubwa za watalii zikitia nanga. Abiria wa meli zile huuziwa safari kwa bei moja inayohesabu chumba na chakula, na mwenye kuisoma bei ile hudhani amekwisha kulipa kila kitu. Aghalabu sivyo. Bei ile huwa ni ya mtu mmoja kwa hesabu ya watu wawili wanaolala chumba kimoja, na anayesafiri peke yake hutozwa zaidi. Kuna bakhshishi ya wahudumu, vinywaji, matembezi ya kila bandari, viza na bima. Na kabla ya hayo yote kuna nauli ya kumfikisha abiria katika bandari ambayo meli inaanzia. Msafiri mzoefu huyajumlisha hayo kwanza, ndipo akasema kama safari ni rahisi au ni ghali.

Sisi hatusafiri kwa meli za namna ile, lakini somo lake linatufaa. Bei iliyoandikwa juu ya tikiti ni sehemu tu ya gharama. Mtu wa Dodoma anayekwenda visiwani hana budi kuigawa fedha yake katika mafungu matano: nauli ya nchi kavu, nauli ya majini, malazi na chakula cha njiani, mizigo na zawadi, na akiba ya kuchelewa. Wengi huhesabu mafungu mawili ya mwanzo na kuyaacha matatu ya mwisho yajihesabu yenyewe. Hapo ndipo deni linapozaliwa.

Wakati wa kusafiri

Uchaguzi wa kwanza si wa chombo wala wa nauli. Ni wa tarehe. Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa habari za pepo: kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, na kusi hushika kuanzia Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba, ikiwa na nguvu zaidi katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Lakini mtu akikaa miaka kadhaa huku bara, kalenda ya bahari humtoka kichwani, na nafasi yake ikachukuliwa na kalenda ya ofisi.

Basi tuzitazame kalenda hizo mbili kwa pamoja. Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Katika miezi hiyo ofisi za wizara hazilali, na ofisa anayeomba likizo huambiwa asubiri. Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na ndipo maombi ya likizo yanapokubaliwa kwa wingi. Matokeo yake ni kwamba watumishi wengi hufunguliwa mlango wa kwenda baharini katika miezi ile ile ambayo kusi imechacha. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni kalenda ya nchi kavu iliyopangwa bila kuiuliza bahari.

Mwenye watoto wanaosoma ana kifungo kingine, kwa kuwa likizo ndefu za shule ni za katikati ya mwaka na za Desemba. Desemba bahari huwa na huruma kuliko Julai, lakini watu ni wengi, na tikiti huadimika kadiri sikukuu zinavyokaribia. Kwa asiye na mtoto wa shule, Januari na Februari ni miezi mizuri ya kuvuka: joto ni kali, lakini msongamano wa Desemba umekwisha. Ushauri wetu ni huu: kama kazi inaruhusu, omba likizo yako mapema katika mwaka, kabla Bunge la bajeti halijaanza. Ikibidi iwe Julai, weka siku ya ziada kila upande wa safari, na usione aibu kuitumia.

Njia ya nchi kavu

Reli ya zamani ilifika Dodoma mwaka 1910, na kwa zaidi ya miaka mia moja abiria wa kwenda pwani kwa treni alizoea kusafiri usiku kucha. Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, safari ile ilipungua hadi saa nne hivi. Kwa mtu wa visiwani faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Anayepanda treni ya asubuhi Dodoma huweza kufika Dar es Salaam mapema mchana, na stesheni ya treni haiko mbali na bandari. Akijaliwa, huiwahi boti ya alasiri na kulala Unguja siku hiyo hiyo.

Basi nalo lina watu wake. Huondoka kwa nyakati nyingi, na aliyekosa treni hupata basi. Lakini mabasi ya mikoani huishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na kutoka pale hadi bandarini msafiri sharti aukate mji mzima wa Dar es Salaam pamoja na watoto na mizigo. Mwenye kulinganisha nauli ya basi na ya treni aongeze juu ya basi gharama ya kutoka Mbezi hadi bandarini, pamoja na saa zinazopotea katika foleni ya magari. Ndege ina mwendo kuliko vyote, na mwenye msiba au mgonjwa hana la kufikiri mara mbili. Lakini kuipandisha familia nzima ni jambo linalotaka mfuko mzito.

Jambo moja liepukwe: kupanga safari ya treni na boti kwa namna isiyoacha nafasi ya kuchelewa. Anayefika stesheni wakati boti inapakia hukimbia, na anayekimbia na watoto huacha mzigo, huacha pochi, na mara nyingine huacha busara. Haraka haraka haina baraka. Ikiwa treni unayoipata ni ya mchana, kubali tangu nyumbani kwamba utalala Dar es Salaam, na utenge fedha ya usiku huo.

Hesabu ya familia moja

Tuchukue mfano. Mtumishi wa wizara yuko na mke wake na watoto watatu: mmoja wa miaka 11, wa pili wa miaka 7, na wa mwisho wa miaka 3. Kwao ni Chake Chake. Nauli ya treni ya kawaida kati ya Dodoma na Dar es Salaam iliyotangazwa na LATRA mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, yaani shilingi 15,500. Na aliye chini ya miaka 4 hasafirishwi kwa nauli. Kwa nauli hizo wazazi wawili hulipa shilingi 62,000, watoto wawili shilingi 31,000, jumla shilingi 93,000. Kwenda na kurudi ni shilingi 186,000. Nauli hubadilika, kwa hiyo aulize upya kabla ya kukata tikiti.

Sasa aje majini. Akipitia Unguja, anavuka mara mbili kwenda na mara mbili kurudi. Watu watano kwa mivuko minne ni majina ishirini yanayopaswa kuandikwa. Nauli za boti ziulizwe katika ofisi za kampuni zenyewe, si kwa wapiga debe wa getini. Na kila mtu mzima achukue kitambulisho chake, maana nauli ya mkazi na ya mgeni si moja. Boti ya mwendo kasi huvuka kati ya Dar es Salaam na Unguja kwa saa mbili hivi. Chombo cha kwenda Pemba hakiondoki mara nyingi kama cha Unguja. Kwa hiyo siku ya chombo cha Pemba ndiyo ijulikane kwanza, na treni ya Dodoma ichaguliwe kuifuata. Wengi hufanya kinyume: hukata tikiti ya treni kwanza, kisha wakakaa Unguja siku tatu wakiingoja Pemba. Tena mtu akishuka Mkoani bado yuko kusini ya kisiwa, na wa Wete au wa Micheweni ana nauli nyingine ya gari mbele yake.

Usiku wa njiani mara nyingi huwa ni nyumbani kwa jamaa, na jamaa zetu ni wakarimu. Lakini kitanda cha jamaa nacho kina bei yake. Mtu haingii mikono mitupu nyumbani kwa mtu pamoja na watoto watatu. Kuna kilo za sukari, kuna kitoweo, kuna cha kumwachia mtoto wa mwenyeji. Yaandikwe haya katika hesabu, maana ni gharama halali na za heshima.

Hatimaye tuzihesabu siku. Katika siku 28, toa mbili za kwenda na mbili za kurudi, kisha toa moja ya akiba kila upande. Zinabaki 22. Hizo ndizo za wazee, za mashamba na za makaburi. Aliyezihesabu 28 zote kuwa za mapumziko atachelewa kurudi kazini, na kuchelewa nako ni gharama.

Chombo na uhai

Kuna mahali ambapo msafiri aruhusiwe kubana matumizi, na kuna mahali ambapo asithubutu. Abane katika zawadi, abane katika vinywaji vya njiani, avae nguo za mwaka jana. Katika chombo asibane.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba. Watu zaidi ya 600 waliokolewa. Siku za mwanzo waliodhaniwa kuwamo walikuwa mamia tu. Tume ya uchunguzi ilipotoa taarifa yake mwaka 2012, idadi ile ilizidi 2,000, katika chombo kilichoruhusiwa kuchukua abiria mia sita na ushei. Miezi kumi baada ya ajali ile, tarehe 18 Julai 2012, ndani ya msimu wa kusi, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Wala ugonjwa huu si wa bahari peke yake: MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, zote katika Ziwa Viktoria, zilizama zikiwa na watu kupita kiasi.

Tuitazame kwa makini habari ya Spice Islander. Ziko familia zilizopoteza mtu na zisipate hata mahali pa kuonyesha kwamba mtu huyo alisafiri. Aliyeingia bila tikiti, mtoto aliyebebwa bila kuandikwa, kijana aliyepenyezwa na rafiki yake: hao wote hawakuwamo katika karatasi ya chombo, na kwa hiyo hata hesabu ya waliopotea ikawa ya mabishano. Kwa sababu hiyo twasema kwa mkazo: yule mtoto wa miaka 3, hata kama atasamehewa nauli, jina lake liandikwe. Mzazi amwombe karani, na asiondoke dirishani mpaka alione. Kumpitisha mtoto kwa kificho ili kuokoa nusu nauli ni kumfuta katika hesabu ya watu.

Mengine ni mepesi. Sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni kabla ya kusafiri. Ukiona chombo kimejaa mpaka watu wamekaa njiani na juu ya mizigo, shuka, hata kama umelipa. Ukiingia, tazama maboya ya kujiokolea yako wapi na mtoto atalivaaje. Nahodha akisema leo hatuondoki, usimlaumu wala usimshawishi. Bahari haishi zinge, na aliyekataa kuondoka amekutendea hisani. Ile akiba ya siku mbili ambayo mke wako ameifunga katika kanga ndiyo inayokupa uwezo wa kumkubalia nahodha. Asiye na akiba hulazimika kwenda, na hapo fukara hana tena la kuchagua.

Mizigo na zawadi

Kutoka Dodoma watu huchukua zabibu, ubuyu, karanga na asali. Kutoka visiwani hurudi na halua, dagaa na viungo. Hayo ni mapenzi baina ya ndugu, na Muungano huimarika kwa vikapu kama unavyoimarika kwa mikataba. Lakini kikapu kikigeuka gunia, na gunia likawa magunia, mambo ya forodha huanza. Anayekusudia biashara afuate taratibu za biashara. Zaidi ya hayo, mtu asikubali kubebeshwa karafuu kwa wingi asizozijua habari zake. Karafuu za Zanzibar hununuliwa na Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, na kuzivusha kwa mlango wa nyuma ni magendo, hata kama aliyekupa ni shemeji yako.

Kanuni moja ya fedha iwekwe juu ya zote: tikiti za kurudi zikatwe kabla ya zawadi hazijanunuliwa. Mwenye kufanya kinyume hurudi Dodoma kwa fedha ya kukopa.

Wajibu wa ofisi

Si haki kumwachia msafiri mzigo wote. Ofisi zetu nazo zina sehemu yao, na wala si ya gharama kubwa.

Kwanza, ratiba za likizo zipangwe mwanzoni mwa mwaka kwa kuzitazama pepo. Mkuu wa idara mwenye watumishi kutoka visiwani aweza kuwapa zamu za Januari, Februari na Desemba, na wenzao wa Singida na Iringa wakachukua Julai na Agosti, kwani barabara haina kusi. Pili, fedha ya nauli ya likizo imfikie mtumishi kabla hajaondoka. Fedha inayolipwa baada ya safari humfanya akope kwa ajili ya haki yake mwenyewe, na mwenye kusafiri kwa mkopo ndiye anayetafuta chombo cha bei ya chini.

Tatu, wakuu wa reli, wa bandari na wa kampuni za boti wakae meza moja, ili treni ya asubuhi na boti ya alasiri zijuane, na treni ikichelewa abiria apate habari na haki ya kubadilishiwa tikiti. Nne, taarifa ya hali ya bahari ibandikwe kila siku katika stesheni ya Dodoma, ili mtu ajue hali ya mkondo wa Nungwi kabla hajauacha mji, badala ya kuijulia gatini akiwa na watoto mkononi. Tano, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar na TASAC kwa upande wa Bara waendelee kuhesabu watu kama watu, si kama tikiti. Na ofisa anayekizuia chombo kilichojaa aungwe mkono na wakubwa wake, asipigiwe simu ya kumtaka akilegezee.

Makao makuu ya nchi hayatarudi pwani, wala visiwa havitasogea bara. Kati yao pana kilometa zaidi ya 400 za nchi kavu na mlango wa bahari, na watumishi wetu watazidi kuupita mwaka hadi mwaka. Kila anayeupita ahesabu fedha zake, ahesabu siku zake, kisha ahesabu watu wake. Na katika hesabu zote hizo, ile ya watu ndiyo isiyokubali kupungua hata mmoja.